Binti aliyekuwa anaumwa tumbo kila siku ya praktiko ya kemia

Nataka niwaelezee kisa kimoja, kirefu kidogo, cha mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, manake naamini walimu wengi wa sayansi tuna mtoto kama huyu darasani na tunampita tu kila siku tukidhani tunamjua. Shule siitaji, jina lake pia silitaji, ni sekondari ya kata huku mkoa wa Morogoro na mi ndo mwalimu wa kemia pekee pale.

Ilikuwa mwezi wa nane, mtihani wa utamilifu, siku ya praktiko. Wameingia maabara, kila mtu kakaa kwenye kituo chake, bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, imefungwa kwenye stendi, chupa ya asidi na chupa ya besi ziko mbele yake. Zimepita kama dakika ishirini msimamizi akaniita nje akaniambia kuna binti anaumwa tumbo anataka kutoka. Nikamkuta kakaa kwenye ngazi kajikunja, jasho limemtoka mpaka kola ya shati imelowa, na karatasi yake aliyoiacha juu ya meza ilikuwa na namba ya mtihani tu na jedwali alilolichora vizuri kwa rula, halina tarakimu hata moja ndani.

Nikapiga hesabu kichwani. Siku ile ya praktiko kabla ya likizo ya mwezi wa sita tumbo lilimuuma. Mwezi wa tatu pia, akapewa ruhusa akaenda zahanati, akarudi na panado. Na kidato cha tatu kulikuwa na siku mbili tatu hivi hakuja kabisa, mama yake akatuma ujumbe kwamba mtoto anaumwa. Zote zilikuwa siku za maabara, na mimi sikuwahi kuziunganisha.

Sasa huyu mtoto si mzembe wala si mzito. Mtihani wa nadharia anapata sabini na kitu, hesabu za mole anazikokotoa kuliko wavulana wengi pale darasani, milinganyo anaisawazisha mpaka unafurahi. Anataka uuguzi, hilo kalisema tangu kidato cha kwanza, na kila mtu anajua bila kemia mlango wa uuguzi umefungwa. Lakini ukimuuliza kuhusu somo lenyewe atakwambia kemistri siipendi mwalimu, naisoma tu kwa sababu inatakiwa. Na mimi kwa miaka miwili nilichukua jibu lile kama lilivyo, nikasema haya, huyu mtoto ana mtazamo mbaya na somo, na mtazamo ukiwa mbaya praktiko atafanyaje vizuri.

Nilikuwa nimeligeuza jambo chini juu, hilo ndo kosa langu la kwanza na ndo kiini cha kisa chote hiki. Hakuwa anaogopa maabara kwa sababu haipendi kemia. Hakuipenda kemia kwa sababu kila alipoisikia kemia alikuwa anaiona maabara, na ndani ya maabara kulikuwa na kitu kimoja hasa alichokuwa anakiogopa, kitu chenye urefu wa nusu mita hivi, cha kioo, chenye tumbo katikati. Pipeti.

Hilo sikulijua mimi. Lilijulikana kwa sababu ya madam wa baiolojia ambaye nilimuomba akae na binti kwanza, manake mwalimu wa kiume kumuita mtoto wa kike pembeni na kumuuliza mambo ya tumbo si jambo la kufanya peke yako, na hata siku nyingine zote nitakazozisimulia hapa madam alikuwepo. Walikaa chini ya mwembe wa nyuma ya jiko la shule saa za mapumziko, na mimi niliitwa baadae. Nikaitikia shikamoo yake nikakaa. Madam akamwambia, haya mwambie mwalimu ulichoniambia mimi.

Akasema, "Mwalimu, nilimeza ile dawa."

Ilikuwa kidato cha tatu, wiki ya kwanza tulipoanza titresheni, yaani kudondoshea asidi kwenye besi mpaka rangi ibadilike, ujue kiasi kilichotumika. Wanafunzi sitini na kitu, bureti nane zinazofunga vizuri, maana yake kila kikundi kina watu nane. Mpira wa kuvutia pipeti hatukuwa nao, kwaiyo niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi nikiwa shuleni, weka mdomo juu, vuta taratibu, ikipita alama ziba kwa kidole. Yeye alivuta, akawa anaangalia alama kwa jicho la pembeni, ncha ya chini ikatoka kwenye maji ya chupa ikavuta hewa, na sote tulioshika pipeti tunajua nini kinatokea hapo, kimiminika kinaruka chote mpaka mdomoni. Ilikuwa sodiamu haidroksaidi, ndo ile besi yenyewe. Anasema kitu anachokikumbuka ni utelezi, ulimi ulikuwa unateleza kama umelamba sabuni ya maji, afu koo likawa linawaka, na kikundi kizima kikacheka kwamba kanywa sabuni. Akaenda bombani akasukutua, akarudi, akachukua kalamu. Mimi nilikuwa kikundi cha upande wa pili nahangaika na bureti inayovuja. Sikuona chochote.

Kwa wasiojua, besi yenye ukolezi wa molari 0.1 pH yake, kile kipimo cha asidi na besi, ni kama 13, si maji ya sabuni ya kuoshea vyombo. Tone mdomoni ukisukutua haraka kwa maji mengi kwa kawaida linaisha hivo, ila ukimeza unatakiwa usukutue, usijilazimishe kutapika manake ile inayorudi inaunguza koo mara ya pili, na uende hospitali ukaangaliwe. Yeye hakuambiwa hata moja ya haya kwa sababu hakumwambia mtu. Alilala siku ile akiamini ataamka na utumbo umetoboka. Miezi mizima, kila tumbo likiuma kidogo kwa chakula au kwa siku zake, alikuwa anajua ni ile dawa. Mtoto wa miaka kumi na sita anabeba hilo peke yake na mwalimu wake anaandika kwenye ripoti "ajitahidi zaidi katika vitendo".

Na kuvuta kwa mdomo ni jambo ambalo maabara zinazofuata usalama zimelipiga marufuku zamani sana. Mi nililijua hilo chuoni kabisa. Nililifanya kwa sababu vifaa havikuwepo na kwa sababu hakuna aliyewahi kuumia, au ndo hivo nilivyodhani.

Ningeishia hapo ningesema basi, tatizo limejulikana, nunua mpira wa pipeti, kisa kimekwisha. Lakini nilipoanza kumuuliza vizuri nikakuta hofu yake haikai sehemu moja tu, ile ya mdomo ilikuwa mlango na nyingine zimeingilia humo. Hapo kuna kitu kilinisaidia sana nacho ni kile alichokifanya Mmarekani mmoja, Craig Bowen, mwaka 1999, alitengeneza dodoso la kupima hofu ya maabara ya kemia na akaigawa hofu sehemu tano: kushika kemikali, kutumia vifaa na kufuata hatua, kukusanya data, kufanya kazi na wenzako, na kuwa na muda wa kutosha. Hofu ya sayansi yenyewe kama jambo la kushughulikiwa ilishaongelewa kabla, Jeffry Mallow chuo kikuu cha Loyola kule Chicago alifungua mpaka kliniki ya hofu ya sayansi mwaka 1977, lakini mgawanyo wa Bowen ndo unaomfaa mwalimu wa darasani, manake unakupa maswali ya kumuuliza mtoto badala ya kumwambia usiogope, usiogope, neno ambalo halijawahi kumsaidia mtu. Nikatengeneza maswali yangu kwa Kiswahili cha kawaida, madam akamuuliza, akajibu kwa maandishi.

Kemikali nimeshasema. Hapo alikuwa anaogopa besi kuliko asidi, kinyume na wenzake wote.

Vifaa, hapa kuna jambo dogo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu kila siku. Kwenye mlango wa maabara kuna karatasi ambayo niliiandika mimi kwa maka peni nyekundu, ATAKAYEVUNJA ATALIPA. Mama yake anauza vitumbua stendi. Binti alishapiga hesabu bureti moja ni vitumbua vingapi, na aliniambia idadi yenyewe. Kwaiyo hata vifaa vilipokuwa mezani, mikono yake ilikuwa inakaa chini ya meza. Mi nilikuwa naona mtoto asiyejituma.

Wenzake. Kwenye kikundi cha watu nane, bureti wanashika wavulana wawili wale wale, mmoja anatikisa flaski, na wasichana wanaandika. Hakuna aliyeamuru, inatokea tu, na mwalimu akipita anaona kikundi kinafanya kazi kimya kimya anafurahi. Binti yule aliandika majibu ya kikundi kwa mwaka mzima kwa mwandiko mzuri. Alipofika kwenye mtihani wa utamilifu ambako kila mtu yuko kituoni kwake, ilikuwa mara yake ya kwanza kutakiwa kufungua koki ya bureti kwa mkono wake mwenyewe tangu siku ile ya kumeza. Fikirieni hilo. Tulimpeleka kwenye mtihani wa kuendesha baiskeli mtoto ambaye kazi yake mwaka mzima ilikuwa kushika begi la anayeendesha.

Data, hapa alijibu sentensi moja tu, "naogopa kupata tofauti na ya mwalimu". Na mkitaka kujua hii imetoka wapi sikilizeni maabara yoyote ya sekondari siku ya titresheni, swali linalozunguka meza kwa meza ni moja, we umepata ngapi, ticha kapata ngapi, na ikishajulikana kwamba ticha kapata 25.00 basi darasa zima linapata 25.00, bureti zinavuja lakini wote 25.00. Mtoto ambaye hana mtu wa kumuangalizia na anaamini kuna namba moja tu ya haki duniani ambayo yeye haijui, mkono utaacha kutetemeka vipi.

Muda aliandika "sijui". Nadhani ni kwa sababu hakuwahi kukaa hata kufika mahali pa muda kumuishia.

Kuna la sita ambalo Bowen hana, na sisi tunalo, nalo ni lugha. Watoto wetu wanasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, wakifika kidato cha kwanza kila kitu kwa Kiingereza. Alex Johnstone, yule profesa wa kemia wa chuo kikuu cha Glasgow aliyeandika sana kuhusu ufundishaji, alikuwa anasema mwanafunzi maabara anaelemewa kwa sababu anabeba vitu vingi kichwani kwa wakati mmoja, maelekezo ya kusoma, majina ya vifaa, ufundi wa mikono, nadharia ya kukumbuka, na bado aone kinachotokea, na sehemu ya akili inayoshikilia vitu kwa wakati ule ni ndogo, inajaa haraka. Alikuwa anaongelea watoto wanaosoma kwa lugha yao ya nyumbani! Sasa kwetu ongeza kutafsiri. Niliangalia madaftari ya zamani ya binti nikakuta kwenye uchambuzi wa chumvi kaandika "white participate" badala ya "white precipitate", nami nimeweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu nikapita. Aliona mashapo meupe, aliyaona sawasawa kabisa, jicho lake halikukosea. Neno ndo lilimteleza, na mi nikamwambia kakosa kemia.

Basi tukaanza. Tulikuwa na wiki chache tu, mwezi wa tisa na wa kumi, na mtihani wa taifa unakuja mwezi wa kumi na moja.

Jambo la kwanza nililofanya nilikosea tena. Nilidhani dawa ya hofu ni kumrudisha mtu haraka pale alipoogopea, nikamuita maabara siku ya Jumamosi, nikaweka kila kitu tayari, besi ile ile, pipeti ile ile, nikamwambia mwanangu leo utaishinda. Alisimama pale mlangoni, akaishika pipeti, akaiweka chini taratibu akaniambia mwalimu naomba niende. Madam akanitazama, sikuhitaji kuambiwa. Nimuombe radhi hapa pia, kama nilivyomuomba siku ile.

Tukarudi nyuma kabisa, nje ya maabara. Madam alileta vitu vya jikoni. Rozela kavu, ile ile ya kutengenezea juisi, akailoweka kwenye maji ya moto mpaka yakawa mekundu. Magadi ya kuivishia makande, akayayeyusha kwenye maji. Limau mbili. Glasi za kawaida za chai. Na sirinji mbili za ml 20 kutoka duka la dawa, mpya, bila sindano. Nataka muone alichofanya binti hapo. Kamimina maji ya magadi kwenye glasi kwa kuyapima na sirinji, kaweka matone ya rozela, maji yakawa rangi ya kijani iliyofifia kama ya tope la mtoni, afu akavuta maji ya limau kwenye sirinji nyingine akawa anadondosha. Kila tone povu linachemka kidogo, ile ni kabonidayoksaidi inatoka kwenye magadi, na pale tone lilipoangukia rangi inabadilika inarudi, inabadilika inarudi. Akawa anatikisa glasi kwa mkono wa kushoto bila kuambiwa na mtu. Ikafika mahali zambarau, akasimama, akadondosha moja tena, nyekundu. Akacheka. Akasoma sirinji akaandika kwenye kiganja. Akarudia, safari hii alipokaribia akapunguza mwendo mwenyewe, tone, subiri, tone, subiri. Titresheni nzima hiyo, imekamilika, na yeye hakujua kama anafanya titresheni mpaka madam alipomwambia.

Alirudia nyumbani kwao jioni zote za wiki ile. Mama yake alimuuliza unapika nini, akamwambia napika kemistri.

Wakati huo mi nilikuwa nahangaika na pipeti. Mpira wa kuvutia niliuomba ofisini nikaambiwa subiri bajeti, na nisingeweza kusubiri, kwaiyo nikachukua sirinji ya ml 20, nikakata kipande cha mpira wa dripu, upande mmoja unavaa mdomo wa sirinji na mwingine unavaa kichwa cha pipeti, ukiona hauingii uloweke kwenye maji ya moto unalainika. Unavuta sirinji, kimiminika kinapanda kipite alama kidogo, unachomoa mpira haraka unaziba kwa kidole, afu unashusha taratibu mpaka alama. Pipeti ya ml 25 inahitaji uvute ukijua sirinji ni ya 20, kwaiyo wengine huwa wanavuta mara mbili, mi nikaishia kununua ya ml 50. Gharama yake yote ni hela ya soda na chapati. Miaka yote ile niliyowafundisha kuvuta kwa mdomo ningeweza kufanya hivi. Nililifikiria sana hilo usiku na bado nalifikiria.

Siku ya kurudi maabara alianza na maji ya bomba pande zote mbili. Bureti ina maji, chupa ina maji, flaski ina maji, hakuna cha kuogopa wala cha kubadilika rangi, kazi ni kuvuta, kushusha, kusoma sehemu ya chini ya mkunjo wa maji jicho likiwa usawa wake. Siku ya pili asidi ya molari 0.1. Besi ilikuja ya tatu, na kabla ya besi nilimwambia kitu ambacho ningewaambia wote siku ya kwanza kabisa: hii ikikugusa mkono unafungua bomba, unaacha maji yatiririke mpaka utelezi uishe na uendelee hata kama unaona umeisha, ikiruka machoni maji dakika ishirini kope ukizifungua kwa vidole na mtu akimbie kuniita, ikiingia mdomoni unasukutua humezi na unaniambia papo hapo, na hakuna atakayekucheka kwa sababu nitakuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na utumbo mwalimu, hautoboki?" Madam akamuelezea vizuri, kiasi kile, ukali ule, siku zilizopita, kwamba ingekuwa imemjeruhi angejua wiki ile ile. Alinyamaza muda mrefu. Nadhani hilo swali ndo alilokuwa amelikalia muda wote huo.

Akaivisha pipeti ule mpira wa sirinji. Mikono ilitetemeka, siwezi kusema haikutetemeka, mpaka kioo kiligonga mdomo wa chupa. Alivuta, alishusha, akamimina kwenye flaski, matone mawili ya POP, ile dawa ya kuonyesha rangi, pinki ikatokea ile kali. Akafungua koki. Rough yake, ile ya kujaribia, 25.40, imepitiliza, akaniangalia usoni kuona kama nimekasirika. Sikusema chochote, na hili tulikubaliana na madam tangu mwanzo, namba yangu sitaitoa. Ya kwanza 24.90. Ya pili pinki ilipofika mahali pa kufifia alifunga koki, akatikisa, bado pinki kidogo sana kama ukucha wa mtoto mchanga, akaning'iniza nusu tone kwenye ncha, akaligusisha na ukuta wa flaski, akalishusha kwa maji kidogo ya chupa. Haina rangi, safi. 25.00. Ya tatu 24.90. Akauliza, "Ya mwalimu ngapi?" Nikamuuliza, we zako zinakubaliana? Akaziangalia zile tatu. Akasema zinakubaliana. Nikamwambia basi andika.

Ile karatasi ya mlangoni niliing'oa siku hiyo. Mkuu wa shule aliniuliza vifaa vikivunjika nani atalipa, nikamwambia tukae tuandike kwenye bajeti ya maabara kama kinavyoandikwa chaki, hakupenda lakini alikubali. Hapa niseme neno. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, watu wakachangishwa, majengo yakajengwa, na huku kwetu yapo, mazuri tu, yana meza za zege na masinki. Afu ikaja elimu bila ada mwaka 2016, watoto wakajaa, jambo zuri ambalo siwezi kulilalamikia. Lakini jengo haliwezi kumfundisha mtoto kushika bureti kama bureti zinazofunga ni nane na mtaalamu wa maabara hakuna, mwalimu ndo anachanganya kemikali usiku, ndo anafundisha asubuhi, ndo anaosha vyombo jioni. Mwalimu aliyechoka vile hamuoni mtoto anayesukutua bombani.

Kwa darasa zima nilibadilisha mambo matatu. Vikundi vya watu watatu watatu kwa zamu, wengine wakiwa nje na maswali ya nadharia, na ndani ya kikundi kila titresheni mtu mwingine anashika koki, hakuna mwandishi wa kudumu. Jioni kabla ya praktiko tunakaa nusu saa tunaipitia yote kwa Kiswahili, kitu gani kitafanyika na kwanini, afu tunayapitia maneno ya Kiingereza ya kuandikia, ikiwemo precipitate, tunaitamka mpaka inakaa. Najua kuna watakaosema Kiswahili kinawaharibu kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Mi nimeona kinyume, mtoto aliyeelewa jambo anatafuta neno lake, asiyeelewa anakariri neno na hajui ni la nini. Na namba ya ticha haitolewi mpaka wote wameandika zao.

Niliwapa pia yale maswali, wajibu bila majina. Kilichonishangaza ni wavulana. Mmoja, nilimjua kwa mwandiko, yule bingwa wa kushika bureti kwenye kikundi cha binti, aliandika kwamba anaogopa asidi kali ya salfuriki kwenye jaribio la pete ya kahawia mpaka usiku hapati usingizi, na kwamba huwa anajifanya kuisimamia ili wasijue. Zile kelele zake zote maabara, kumbe.

Kuhusu mtazamo, mnaweza kutaka kujua kama binti sasa anaipenda kemia. Nilimuuliza mwezi wa kumi. Akasema, "Siyo sana mwalimu, ila hainitishi." Wengine wangeona ni jibu dogo, ila kwangu lilitosha. Kupenda kunaweza kuja baadae au kusije, mtu anaweza kuwa muuguzi mzuri sana bila kuipenda titresheni, lakini mtu anayeumwa tumbo kila akiona chupa yenye lebo hawezi kuchanganya dawa ya mgonjwa. Na nimeacha kuandika "hapendi somo" kwenye ripoti ya mtoto yeyote kabla sijamuuliza ni kitu gani hasa, kiko wapi, kilianza lini.

Siku ya praktiko ya taifa pipeti hazikutosha, tukaazima baadhi shule ya jirani, kwetu nyingi ni za ml 25 na za jirani zilikuwa za 20, na ukiichukulia ya 20 kama ni ya 25 hesabu zako zote zinakwenda upande. Nilikaa nje chini ya mwembe ule ule, sikuweza hata kunywa chai. Walitoka wanapiga kelele, wanaulizana umepata ngapi, umepata ngapi. Yeye alitoka na wa mwisho, vidole bado vina maji, akaja moja kwa moja mpaka nilipo.

"Mwalimu, ya kwangu ilikuwa ya ishirini," akasema. "Niliiangalia kabla sijaivuta."